Safu Mbili za Fundi Saa

Fundi saa wa mtaa wetu ana daftari lenye safu mbili. Ya kushoto ameiandika juu "Kasema", ya kulia ameiandika "Nimeona". Mteja akileta saa iliyokufa, fundi humwuliza imekufaje, kisha huliandika jibu lake upande wa kushoto neno kwa neno, hata likiwa uongo unaonuka. Halafu hufungua mgongo wa saa, hupachika kioo chake jichoni, hutazama, na upande wa kulia huandika alichokiona yeye mwenyewe. Kasema: imesimama tu yenyewe. Nimeona: maji ya sabuni. Kasema: haijawahi kufunguliwa. Nimeona: skrubu mbili si zake, moja imeliwa kichwa.

Hagombani na mtu. Safu hizo hukaa ukurasa mmoja kama mke na mume walionuniana, na mteja akija kuchukua saa yake huzisoma zote mbili, hutia sahihi chini, huenda zake.

Ninaandika habari zake kwa sababu wengi wanamjua kwa saa tu, na kwa sababu nyumba ninayokaa leo ilisimama kwa daftari lile. Niseme pia kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini nilipita mbele ya duka lake nikimsalimu bila kusimama. Mimi ni mwalimu. Nimefundisha watoto waliokuja kuwa madaktari na mawakili, na niliamini kila mtu ana mahali pake, na pa fundi saa palikuwa nyuma ya meza yake.

Duka lenyewe ni upenyo kati ya chumba cha fotokopi na duka la magodoro. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kuna meza yenye kioo pande tatu, taa ya shingo ndefu, na bilauri saba au nane zilizopinduliwa, kila moja imefunika saa iliyofumuliwa ili vumbi lisiingie. Bilauri hizo hazijawahi kutiwa maji. Ukiwa na kiu utapewa kikombe cha plastiki. Kiti cha wateja ni kimoja, hakina mgongo, na mguu wake mmoja umewekewa kipande cha raba. Watu humwita Dakika, kwa sababu ukimwambia "nitapita saa nne," atakuuliza, "Na dakika ngapi?"

Shule aliishia darasa la nne. Alipofika miaka kumi na minane aliajiriwa kufagia katika duka kubwa la saa katikati ya mji. Kila jioni, kabla ya kumwaga taka, alizipitishia sumaku, na kila skrubu iliyonaswa aliitia kwenye kopo la dawa ya viatu. Baada ya mwaka akalipeleka kopo kwa mwenye duka. Mwenye duka alilitazama kopo, akawatazama mafundi wake watatu, akamwambia aweke ufagio chini akae mezani.

Saa ya kwanza aliyokabidhiwa peke yake ndiyo iliyomfundisha safu mbili. Mteja alisema saa inataka kusafishwa tu, naye akaandika "kusafisha". Siku ya pili mteja akadai mashine ya ndani imebadilishwa, ya kwake ilikuwa ya dhahabu. Fundi hakuwa na la kujibu, kwa kuwa alichokuwa amekiandika kilikuwa maneno ya mteja. Alilala kituo cha polisi siku mbili hadi mwenye duka alipomtoa. Tangu hapo haandiki la mtu mwingine mahali pa lake. Mkewe aliwahi kuniambia, akicheka, "Hata nyumbani, Mama. Ukimwambia chumvi imezidi, anakwambia ngoja nionje kwanza."

Sasa nije kwa mume wangu.

Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na sita, na mwandiko wake ulijulikana kuliko sura yake. Vyeti vya shule aliviandika mwenyewe, kwa wino, na sahihi yake ilikuwa na mkia mrefu unaorudi chini ya jina kama mtu anayejifunika shuka. Wazazi walivitia vyeti vile kwenye fremu, hata vya watoto walioshika mkia.

Mwaka wa pili wa kustaafu kwake, mkono wa kulia ulianza kutetemeka. Mwanzoni ilikuwa kikombe kugonga sahani. Baadaye kalamu ikawa haishikiki. Daktari alilitaja jina la ugonjwa, tukalikunja jina hilo pamoja na karatasi yake tukalifungia kabatini. Wazo hilo lilikuwa langu. Sikutaka waseme mwalimu mkuu amekwisha. Wageni walipokuja, alikaa mkono ukiwa mfukoni. Benki tulikwenda tawi la mji wa mbali, akaweka dole gumba mahali ambapo hatufahamiki. Na barua, maana alikuwa mtu wa barua, nilimwandikia mimi. Nilikaa mezani, yeye akisema nami nikiandika, kwa mwandiko wake. Nilikuwa nimeusoma mwandiko ule miaka arobaini, haukunishinda. Hata ule mkia wa sahihi niliupinda sawasawa. Tulituma salamu, pongezi na rambirambi kwa ukoo mzima, na hakuna aliyejua.

Alipofariki tulikuta bahasha katika Kamusi yake kubwa. Ndani mlikuwa na wosia wa ukurasa mmoja, umepigwa chapa ofisini kwa wakili. Nyumba aliniachia mimi niishi humo mpaka mwisho wa maisha yangu, kisha iwe ya binti yetu. Binti huyu hatukumzaa. Tulimpokea akiwa na siku arobaini, tukamlea, na leo chumba cha uani ndicho karakana yake, ana vyerehani vitatu na ndiyo riziki yake. Lakini hatukuwahi kwenda mahakamani kumwandikisha. Tuliona ni wetu, basi. Wosia ukianguka, kisheria binti si mtu, na sehemu kubwa ya nyumba ingeangukia upande wa mdogo wa marehemu.

Chini ya ukurasa kulikuwa na sahihi iliyokwenda kama chungu aliyemwagiwa maji. Halafu mashahidi wawili: fundi saa, na yule mama wa fotokopi jirani yake tunayemwita Mama Kopi. Nakiri kwamba kilichoniuma kwanza ni hao mashahidi. Mume wangu aliwajua askari wakuu, madaktari, wakaguzi wa shule. Akaenda kumchukua Dakika.

Wakili wetu nilimfundisha kusoma, kwa hiyo hunisemesha kwa adabu hata anapoleta habari mbaya.

"Mwalimu," aliniambia ofisini kwake, "kwa kawaida hili ni jambo dogo. Kila shahidi anakula kiapo kwa maandishi kwamba alimwona marehemu akitia sahihi, wote wakiwa pamoja, na kwamba akili yake ilikuwa timamu. Mahakama inathibitisha, tunamaliza. Lakini kuna pingamizi."

"La nani?"

"La shemeji yako. Anasema hii si sahihi ya kaka yake. Hasemi ni wewe uliyeighushi, hajamtaja mtu. Anasema tu, kaka yangu namjua mkono wake. Na ameleta mifano." Akanisogezea bahasha. "Barua kumi na moja. Zote za karibu na tarehe ya wosia, kabla na baada. Mtaalamu wa miandiko akipewa hizi na wosia, atasema ni mikono miwili tofauti."

Nikazitoa barua. Kila moja ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Kila moja ilikuwa yangu.

Mtaalamu angesema kweli. Ni mikono miwili. Sahihi ya kweli ndiyo iliyoonekana ya kughushi, na za kughushi, zilizoandikwa na mimi, ndizo zilizokuwa zikimshitaki marehemu.

"Mwalimu, unajisikiaje?" wakili aliuliza.

"Ni jua tu," nikasema, nikaondoka.

Usiku huohuo niliandika rasimu ya kiapo cha fundi. Niliiandika vizuri: kwamba marehemu alifika dukani akiwa na afya, akatia sahihi kwa utulivu na bila shida yoyote, mbele ya mashahidi wote wawili. Nilidhani mashahidi wawili wakishupalia neno moja, barua zitanyamaza zenyewe, na hakuna atakayelazimika kujua lolote kuhusu mkono wa mume wangu wala wangu. Asubuhi nikaenda nayo dukani.

"Hujambo, Fundi."

"Sijambo, Mama Mwalimu. Karibu. Leo umesimama."

Nikalipokea dongo hilo. Kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao, Mama Kopi akapaza sauti, "Mpe kiti, Dakika! Mjane wa mkuu anasimamishwa kama yuko kwenye foleni ya choo?"

"Kiti ni hicho, kimemsubiri miaka," fundi akajibu, akakipangusa kwa kiganja.

Nilimpa karatasi. Alipachika kioo chake jichoni, akaisoma mstari kwa mstari kama anayetafuta ufa.

"Kiswahili hiki kimepigwa pasi," alisema. "Lakini, Mama, hapa: 'akiwa na afya.' Na hapa: 'bila shida yoyote.' Haya ni ya safu ya kushoto. Ni ya 'kasema'."

"Kasema nani?"

"Wewe."

Mama Kopi alikohoa upande wa pili, kikohozi cha mtu asiye na kifua.

"Fundi," nikamwambia kwa sauti ya chini, "kuna mambo ya ndani ya nyumba."

"Nayajua. Nimeyaweka ndani ya nyumba miaka mitatu. Hata mwenzangu wa ukuta huo hapo" — akanyoosha kidole kwa Mama Kopi — "hana siri hata ya dakika tano, lakini hili naye kalitunza. Ila sasa anayeuliza si jirani, ni mahakama. Nami nikiapa, naapa kwa nilichoona."

"Kwani uliona nini?"

Akanitazama, akazungusha kiti, akavuta droo ya chini. Akatoa daftari la zamani lililofungwa kwa uzi, akalifungua mbele yangu.

Ukurasa wa kwanza aliouonyesha ulikuwa wa zaidi ya mwaka kabla ya wosia. Saa ya mkononi, ya kutia ufunguo, jina la mume wangu. Kasema: inachelewa. Nimeona: saa ni nzima, haikutiwa ufunguo. Vidole vya mwenyewe havishiki kifundo cha kuizungushia.

Siku iliyofuata, saa tatu na dakika kumi. Upande wa kushoto mtupu. Upande wa kulia: nimetia ufunguo. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Fundi alikuwa anafunua kurasa polepole, na kila ukurasa ulikuwa hivyo, kila asubuhi isipokuwa siku za kufunga duka, mwaka mzima, kisha mwingine, mpaka wiki mume wangu alipolazwa.

 Kila asubuhi mume wangu alitoka kwenda kununua gazeti. Kila kitu mikono yake ilipokishindwa nilikifanya mimi: vifungo vya shati, wembe, kalamu. Nilipotaka kumtilia saa ufunguo alikataa. "Niachie hiki kimoja," alisema. "Hiki bado nakiweza." Nami nilifurahi kuwa kipo kimoja anachokiweza.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, Mama. Tena alisema, 'Mke wangu asijue, anahesabu kazi hii kuwa bado yangu.'"

Ndipo akafunua ukurasa wa siku ya wosia. Nitaunakili kama ulivyo, kwa kuwa sasa uko mahakamani na si siri.

Kasema: mke wangu ananiandikia kila kitu vizuri kuliko mimi mwenyewe. Hiki akiniandikia watasema ni chake. Acha nikiandike mimi, hata kikiwa kibaya.

Nimeona: saa nne na dakika mbili ameanza. Saa nne na dakika kumi na tatu amemaliza. Mkono unatetemeka, akili imetulia, ametaja tarehe na jina la mtoto bila kuulizwa. Hakushikwa na mtu. Mama Kopi yupo, amesimama mlangoni, tumetia sahihi papo hapo.

"Nilitaka kumshika kiwiko," fundi alisema. "Akaniambia, 'Ukinishika itakuwa sahihi yetu wawili.' Nikamwambia basi Mkuu, weka dole gumba, sheria inakubali. Akasema mwalimu mkuu haagi kwa dole gumba. Dakika kumi na moja, Mama. Mimi nashughulika na dakika, lakini zile zilikuwa ndefu."

"Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola!" Mama Kopi akadakia toka kwake. "Nami nikasema moyoni, hata kuzaa si hivi!"

"Kwa nini hakufanyia nyumbani?" niliuliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Alisema nyumbani ungemnyang'anya kalamu kwa huruma."

Alifunga daftari. Kisha, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, akaniambia kwamba siku ile mume wangu alitaka pia kumwandikia saa yake katika wosia. Wakili alikuwa amewaonya: shahidi hapewi kitu, akipewa, haki yake inaanguka. Mume wangu akamwambia achague, saa au ushahidi.

"Ukachagua ushahidi."

"Saa ninazo nyingi," alisema, akizionyesha bilauri.

Nikamwambia kuhusu barua. Nilimwambia yote, nikiwa nimekaa kwenye kiti kile kisicho na mgongo, Mama Kopi akisikiliza bila shaka, maana mashine yake ilikuwa imenyamaza. Fundi hakushangaa, wala hakunihukumu.

"Barua sikuona zikiandikwa," alisema mwishoni. "Siwezi kuziapia. Hizo ziko kwenye safu yako."

Nikarudi nyumbani na rasimu yangu. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humwumbua, na mimi nilikuwa nimewafundisha watoto methali hiyo nikaikosa mtihanini. Uani cherehani kilikuwa kinanguruma. Binti yangu alisimamisha mguu aliponiona.

"Mama, kama hili jambo linakuumiza, tuliache," alisema. "Nitapanga chumba, vyerehani vinabebeka."

"Huendi popote," nikamwambia. "Shona."

Jambo la kukiri mahakamani nilikuwa nimeshaliamua. Lakini shemeji yangu nisingekubali alisome kwenye jalada, mbele ya makarani. Hata ugomvi una heshima yake. Nikamwita aje na barua.

Ni mpima ardhi mstaafu, mtu wa mzaha, na miaka yote tumetaniana kama ilivyo kwa mashemeji. Siku hiyo alikuja amevaa koti. "Nimeitwa na mwalimu mkuu wa kike," alisema mlangoni, "nimekuja na madaftari yangu yote." Aliziweka barua mezani ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuna aliyecheka.

Sikuanza na maneno. Nilichukua kalamu na karatasi tupu, na mbele yake nikaandika jina la kaka yake, nikaurudisha ule mkia chini ya jina, nikamgeuzia.

Aliitazama kwa muda. "Ndiyo hii," alisema. Kisha akaniangalia mimi, halafu kalamu, halafu karatasi. 

"Zipi uliandika wewe?"

"Zote hizo. Mkono wake ulikuwa umekwisha, shemeji. Tulikuficheni."

Alitia mkono ndani ya mfuko akazipekua, akatoa moja. Niliitambua kabla hajaikunjua. Ni ile ya kifo cha mkewe.

"Hata hii?"

"Hata hiyo."

"Kwa hiyo kaka yangu hakuniandikia."

"Alikuandikia. Alikaa kwenye kiti hichohicho ulichokalia. Alisema neno, akalifuta, akasema jingine. Hiyo moja ilituchukua asubuhi tatu. Pale panaposema 'mdogo wangu, usile peke yako,' mimi nilimwambia sentensi hiyo haifai katika barua ya rambirambi, si ya adabu. Nikataka kuiondoa. Akaniambia, 'Wewe una mwandiko, mimi nina ndugu. Iache.'"

 Shemeji alikuwa anakipitisha kidole gumba juu ya mstari ule.

"Ndiyo sentensi niliyoifuata," alisema. "Nyingine zote nilizipata kwa watu wengine mia. Ile ndiyo iliyonileta kula hapa kila Jumapili." Akavuta pumzi. "Nilikaa naye Jumapili ngapi, mkono wake uko mfukoni, nikadhani kaka ameanza maringo uzeeni."

"Nilikuwa nalinda jina lake."

"Jina gani, shemeji? Mkono ukitetemeka jina linaanguka?" Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Mlininyima kumshikia kikombe."

 Nikamwomba radhi, kwa maneno ya kawaida kabisa. Akazirudisha barua mfukoni moja moja. Nikadhani ataniachia, kwa kuwa sasa hazikuwa na kazi. Akazibeba.

"Hilo daftari la fundi," alisema mlangoni, "linasomeka?"

"Linasomeka."

Alikwenda kulisoma mwenyewe. Fundi aliniambia baadaye kwamba alikaa pale tangu saa tano kasoro dakika nane hadi saa sita na robo, akafunua kurasa zote, na alipoondoka alisema neno moja tu: "Ahsante." Wiki ile aliondoa pingamizi lake.

Wakili alisema viapo bado vinatakiwa, na sasa vitakuwa vitatu: cha fundi, cha Mama Kopi, na cha kwangu cha kueleza barua. Tukaenda pamoja kwa afisa wa viapo, chumba chenye feni moja na mihuri mingi. Mama Kopi alimaliza mara moja, ila aliwauliza kwa nini karatasi zao wanatolea kopi kwa mtu mwingine. Mimi nilisoma kiapo changu kwa sauti, kwamba mimi, mjane wa marehemu, ndiye niliyeziandika barua zilizotajwa, kwa maneno yake na mkono wangu. Sauti haikunitetemeka. Nilipomaliza niliona nimekaa wima kuliko nilipoingia.

Zamu ya fundi ndiyo iliyochukua asubuhi. Karani alimsomea karatasi yake, yote ilikuwa sawa, mpaka mwisho.

"'Na kwamba niliyoyaeleza hapo juu ni kweli kwa kadiri ninavyojua na kuamini.'"

"Kuamini kutoeni," fundi akasema.

"Mzee, hiyo ni fomu. Iko hivyo kwa kila mtu."

"Sikatai. Lakini mimi siamini kwamba alitia sahihi. Nilimwona."

"Ni maneno tu, mzee."

"Ndiyo maana nasema yatoeni. Niliwahi kulala polisi kwa ajili ya maneno tu."

Karani alimwita afisa. Afisa alisoma karatasi, akamtazama fundi, akauliza ana ushahidi gani mwingine. Fundi akaweka daftari mezani. Afisa alilifunua, akafika ukurasa wa siku ile, akasoma polepole. Kisha akachukua kalamu, akalikata neno "kuamini", akaandika kando yake ufupisho wa jina lake, akagonga muhuri. Fundi akatazama saa ya ukutani.

"Inakwenda mbele dakika nne," alimwambia karani. "Hiyo nayo nimeona."

Mahakama ilithibitisha wosia mwezi uliofuata. Hakimu alitaja sababu kwa sentensi chache, na miongoni mwake ilikuwemo "kumbukumbu ya papo hapo ya shahidi wa kwanza". Mtaani walisema. Walisema mwalimu mkuu aliumwa na mkewe akamwandikia. Walisema wiki mbili, kisha duka la magodoro likafungwa wakapata la kusema. Jina la mume wangu bado liko juu ya mlango wa nyumba yetu, na wanaopita wanaliheshimu kama zamani. Wengine, nadhani, zaidi. Binti ameongeza cherehani cha nne. Shemeji huja kila Jumapili, na safari hii yeye ndiye hunimiminia mimi chai.

Jambo moja lilibaki. Nilichukua saa ya mume wangu, nikaenda dukani, nikaiweka mezani mbele ya fundi.

"Sasa wosia umekwisha," nikamwambia. "Saa hii ni yangu, na nampa nimtakaye. Chukua."

Alitikisa kichwa. "Hapana, Mama. Watasema nilingoja malipo. Ushahidi wangu utakuwa umechelewa kulipwa tu."

"Ichukue tu, Dakika!" Mama Kopi akapiga kelele. "Au nije nivae mimi?"

Nilikaa kwenye kiti. Nikafikiri kidogo, nikaisukuma tena saa kuelekea kwake.

"Basi ni ya kutengeneza," nikasema. "Vidole vyangu havishiki kifundo. Siwezi kuitia ufunguo."

Alinitazama, akalivuta daftari jipya, akachora mstari. Kushoto akaandika: Kasema: vidole havishiki. Kisha akaiangalia mikono yangu, iliyotulia juu ya pochi, akaandika upande wa kulia bila kunificha: Nimeona: vinashika.

Akaichukua saa, akaitia ufunguo kwa upole, mizunguko kumi na minane, akanirudishia.

"Kesho saa ngapi, Mama Mwalimu?"

"Saa tatu," nikamwambia. "Na dakika kumi."